Postikadi za Reli ya Kati na Hatima ya Injini za Mvuke

Historia ya Reli ya Kati, yaani njia ya reli inayoanzia Dar es Salaam na kuishia Kigoma baada ya mwendo wa kilomita 1,252 hivi, ilirithiwa kwa njia mbili ambazo hazikupata bahati sawa. Njia ya kwanza ni mashine zenyewe, ambazo nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Njia ya pili ni postikadi, yaani kadi nene za posta zenye picha upande mmoja na nafasi ya ujumbe na anwani upande wa pili, ambazo zilinusurika kwa kuwa wanunuzi wake walizituma ng'ambo, wapokeaji wakazitia katika albamu, na albamu hizo zikaishia katika maktaba na nyaraka za Ulaya. Mtu wa Kaliua, mji wa mkoa wa Tabora ambako reli ya Mpanda inachepuka kutoka njia kuu, anaweza basi kuona nchi yake ilivyokuwa mwaka 1912 kwa kutazama karatasi zilizohifadhiwa Ujerumani, ilhali chuma kilichotikisa ardhi ya kwao hadi miongo michache iliyopita ni vigumu kukiona.

Reli hii ilifuata kwa karibu njia kuu ya misafara, ambayo kwa karne ya 19 ilipeleka pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kwa kupitia Unyanyembe, jirani na mji wa Tabora wa leo. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Usalama wa kipande cha magharibi ya Tabora ulitegemea sana mapatano na mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Vita vyake na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 ndivyo vilivyomlazimisha mwandishi wa habari Stanley, akiwa njiani kumtafuta mmisionari Livingstone, kuzunguka kusini kwa kupitia Ukonongo, nchi ambayo leo iko upande wa Mpanda. Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914. Wanyamwezi waliokuwa wapagazi wakawa miongoni mwa vibarua wa kuijenga, wakashiriki kwa mikono yao wenyewe kuijenga njia iliyoiua kazi yao ya zamani. Jambo hili zito linastahili kukumbukwa kila picha ya ujenzi ule inapotazamwa.

Mwaka huohuo wa 1905 Ujerumani iliruhusu ujumbe uandikwe upande wa anwani, badala ya kubanwa pembezoni mwa picha kama ilivyokuwa kabla yake, na mabadiliko hayo madogo ya kanuni za posta yaliiachia picha uso mzima wa kadi. Kwa hiyo reli hii na postikadi ya picha zilikua pamoja. Walther Dobbertin na Carl Vincenti, wapiga picha wa Dar es Salaam, walitoa kadi za stesheni, madaraja, vibarua na injini, huku Zanzibar ikiwa na studio za Wagoa kama ile ya familia ya Gomes, na upande wa Kenya William D. Young akiwa amekwisha kupiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda. Kadi nyingi zilichapwa Ulaya, na zile za rangi mara nyingi zilitiwa rangi na mafundi ambao hawakuwahi kuiona Afrika, ndiyo maana kijani cha miti na wekundu wa udongo katika kadi hizo havipaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi.

Ushahidi ulio imara zaidi uko upande wa pili wa kadi. Stempu yenye picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya mfalme wa Ujerumani, inaonyesha enzi ya Wajerumani. Stempu ya Kongo iliyopigwa juu yake maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi yanayotaja ukaliaji wa Wabelgiji inatoka katika kipindi kilichoanza mwaka 1916, wakati majeshi ya Jenerali Tombeur wa Ubelgiji yalipoingia Tabora tarehe 19 Septemba, na kilichoendelea Kigoma hadi mwaka 1921. Stempu yenye kichwa cha twiga ni ya Tanganyika ya Waingereza, kuanzia mwaka 1922. Muhuri wa posta nao hutaja mahali na siku, kiasi kwamba kadi moja yaweza kumweleza mtafiti nani alitawala stesheni fulani katika juma fulani. Kuna tahadhari moja tu: picha ingeweza kupigwa miaka mingi kabla ya kadi kutumwa, kwa kuwa wauzaji waliendelea kuuza akiba ya zamani.

Yako pia mambo ambayo kadi hazikuyaonyesha. Wachapishaji walizielekeza kamera mahali ambapo palikuwa na wanunuzi, nao walikuwa maofisa, wamisionari, walowezi na abiria wa meli. Kwa sababu hiyo daraja jipya lilipewa nafasi kubwa kuliko vibarua waliolijenga, na vibarua walipoonekana hawakutajwa majina. Miongoni mwa shehena nzito zilizopita katika misitu ya miombo ya Kaliua wakati huo vilikuwa vipande vya meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika makasha, ikasafirishwa kwa treni hadi Kigoma na kushushwa ziwani mwezi Februari 1915. Meli hiyo, ambayo baadaye iliitwa Liemba, imebaki hadi sasa, lakini injini zilizoivuta kutoka pwani hazikubaki. Hata karakana za reli zilikuwa na historia ya pekee, kwani mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipowakatia Wajerumani fedha kutoka kwao, karakana ya Lulanguru karibu na Tabora iligeuzwa kuwa mahali pa kufulia sarafu, ikatoa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima.

Kaliua ilipata hadhi ya makutano ya reli mwishoni mwa miaka ya 1940, reli ya kilomita 210 ilipojengwa kwenda Mpanda kufuata madini ya risasi, wakati mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa wingi ukiwa umefika Urambo iliyo jirani. Enzi ya postikadi za Kijerumani ilikuwa imekwisha miongo mitatu nyuma, lakini ndipo ilipoanza enzi ya injini za mvuke bora kuliko zote zilizopata kutumika Afrika Mashariki, chini ya shirika la pamoja la reli na bandari lililoundwa mwaka 1948. Miongoni mwake zilikuwamo injini 26 za daraja la 30, zilizoundwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1955 na 1956, zikichoma mafuta mazito badala ya makaa ya mawe, na zikivuta nyuma yake tenda kubwa, yaani behewa la maji na mafuta, lililoziwezesha kuvuka maeneo makavu bila kusimama mara kwa mara kutafuta maji. Nyingi za injini za wakati huo zilipewa majina ya makabila, milima na magavana.

Shirika la pamoja la reli liliposambaratika mwaka 1977 mali yake iligawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na injini za dizeli zilikuwa zimekwisha kushika sehemu kubwa ya kazi. Kenya ilikuwa na bahati ya kuwa na Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na ni huko ambako Mtanzania hukutana na sehemu ya urithi wake: injini namba 3020 iitwayo Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena, milima miwili ya Tanzania, na namba 6006 yenye jina la Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Injini za daraja la 59, ambazo 34 ziliundwa, zilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote duniani katika reli ya upana wa mita moja. Ni za aina ya Garratt, ambayo huweka boila katikati na mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma, ili uzito usambae juu ya reli nyepesi na injini iweze kukata kona kali.

Kuhifadhi mashine kama hiyo ni kazi ngumu kuliko kuhifadhi kadi. Postikadi hudai mahali pakavu, giza na bahasha isiyo na asidi. Injini hudai paa, grisi katika mikono ya magurudumu, na boila iliyokaushwa kabisa, kwa kuwa maji yanayobaki ndani hula mabomba kimyakimya. Injini inayotakiwa kutembea tena hudai zaidi: boila hujazwa maji baridi na kukandamizwa kupita kiwango chake cha kazi ili udhaifu wowote ujitokeze kabla moto haujawashwa. Ujuzi huo walikuwa nao mafundi wa Tabora, na wengi wao hawapo tena.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, hulinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na kwa kipimo hicho reli yote iko nje, ingawa waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kuwa urithi. Hata pendekezo la Tanzania kwa UNESCO, la mwaka 2006, kuhusu njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, linataja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, lakini reli iliyorithi njia hiyo haimo. Treni za umeme zimekuwa zikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na ujenzi wa reli hiyo mpya unaelekea magharibi hadi Kigoma. Huu ndio wakati wa kuorodhesha kilichosalia katika stesheni za zamani, Kaliua ikiwamo, kuanzia majengo, matangi, taa na vitabu vya kumbukumbu za treni hadi simulizi za madereva na wachochea moto wastaafu, na kuomba nakala za picha zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani mjini Koblenz na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, ili ziwekwe Tabora.