Kifua kikuu cha tezi

Kifua kikuu cha tezi, au TB ya tezi kama wengi wanavyoiita, ni maambukizi ya tezi za limfu yanayoletwa na bakteria wa kifua kikuu, *Mycobacterium tuberculosis*. Ni mojawapo ya aina zinazoonekana zaidi za kifua kikuu cha nje ya mapafu, na mara nyingi hujitokeza shingoni. Humpata hata mtu asiyekohoa kabisa.

Tezi za limfu

Tezi hizi ni vifundo vidogo mithili ya maharagwe. Zinazopapasika kwa urahisi ziko shingoni, kwapani na kinenani. Huchuja majimaji ya limfu na kuhifadhi chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu. Ndiyo maana jino likioza, tezi za chini ya taya huvimba, na kidonda cha mguu huleta mitoki. Uvimbe wa aina hiyo huuma, huja haraka, na kwa kawaida hunywea ndani ya wiki chache baada ya chanzo chake kupona.

Chanzo

Bakteria huvutwa pamoja na hewa, hutua mapafuni, kisha husafiri kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi. Huweza kulala humo kwa miaka, wakaamka kinga ya mwili inaposhuka. VVU huongeza sana hatari hiyo. Bakteria wa jamii hiyohiyo, *Mycobacterium bovis*, hutoka kwa ng'ombe na kumfikia binadamu hasa kupitia maziwa mabichi. Kuchemsha maziwa huwaua.

Dalili

Tezi hukua polepole kwa wiki au miezi, bila maumivu. Mwanzoni huwa ngumu na huteleza chini ya vidole. Baadaye hushikamana na kuwa kundi, zikalainika katikati na kujaa usaha, ilhali ngozi ya juu haina joto la jipu la kawaida. Zisipotibiwa, ngozi hutoboka, usaha huchuruzika kwa muda mrefu, na kovu lililokunjamana hubaki. Wengine hupata homa za jioni, hutokwa na jasho usiku na hukonda. Wengine hawana dalili nyingine yoyote. Kwa kuwa haliumi, vimbe hili hupuuzwa, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Historia

Kwa karne nyingi Waingereza na Wafaransa waliamini kuwa mguso wa mfalme huponya ugonjwa huu. Mwaka 1712 Samuel Johnson, ambaye baadaye alitunga kamusi maarufu ya Kiingereza, alipelekwa London akiwa mtoto mdogo ili aguswe na Malkia Anne. Hakupona, na makovu alibaki nayo maisha yake yote. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Uchunguzi

Daktari huchoma tezi kwa sindano nyembamba na kuvuta majimaji, ambayo hupimwa kwa darubini au kwa mashine ya GeneXpert. Pengine hukata kinyama kidogo, kwani saratani ya limfu nayo huvimbisha tezi bila maumivu. Mgonjwa hupimwa VVU na kupigwa picha ya kifua. Ikiwa mapafu ni salama, hamwambukizi mtu. Kumtenga au kumwekea vyombo vyake peke yake ni kumwonea bure.

Tiba

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Tezi zinaweza kuvimba zaidi katikati ya tiba, hata zikatunga usaha, kwa sababu kinga ya mwili imeamka. Mara nyingi hiyo si dalili kwamba dawa zimeshindwa: mgonjwa amweleze daktari, wala asiache kumeza dawa. Kuchanja au kutumbua vimbe nyumbani huleta kidonda kisichofunga upesi. Tezi iliyovimba zaidi ya wiki 2 bila sababu inayojulikana ichunguzwe hospitali, hata kama haiumi.