Somo la Historia na Silaha ya Askari

Anachofundishwa mtoto darasani ndicho atakachokibeba siku atakapovaa sare. Nchini Rwanda, watawala wa Kibelgiji waliandika kabila la mtu katika kitambulisho, na shule zikafundisha kwamba Watutsi ni wageni waliotoka kaskazini. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 wakoloni waliondoka. Somo lao likabaki. Mwaka 1994, askari na raia waliolikariri waliwaua mamia ya maelfu ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliowapinga, katika siku 100 hivi. Baada ya hapo, ufundishaji wa historia shuleni ulisimamishwa kwa miaka mingi. Mwenye silaha hana budi kujiuliza: huyu aitwaye adui, ni nani aliyefundisha aitwe hivyo?