Kuganda, Kuyeyuka na Kufuka: Historia Fupi ya Maneno ya Maumbile

Mnamo Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliuona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliuita "baridi", basi. Wako waliolicheka jibu hilo, nao wamekosea. Mtu wa pwani hakuwa amepata kuyaona maji yakiwa magumu, kwa hiyo alikitaja kile alichokijua, yaani ubaridi wake. Barafu ni neno lenye asili ya Kiajemi, na theluji ni la Kiarabu. Yote mawili ni wageni waliokaribishwa.

Walakini kutoijua barafu si kutojua kuganda. Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, una ushahidi wake chupani. Mafuta ya nazi huganda joto lishukapo chini ya digrii 24 hivi, na usiku wa Julai katika Dar es Salaam huweza kushuka hata chini ya 20. Asubuhi mafuta huwa meupe kama nta. Jua likipanda hurudi kuwa maangavu, wala hayakupungua wala kuharibika. Mwuzaji husema yameganda, kisha yameyeyuka, na mwanafizikia hana la kumsahihisha.

Taabu yaanza pale kitenzi kile kile kinapotumiwa kwa maziwa na kwa damu. Mafuta yaliyoganda hurejea yalivyokuwa. Maziwa yaliyoganda hayarejei hata yapashwe moto kutwa, maana kilichobadilika si hali bali ni asili yenyewe. Vivyo hivyo barafu huyeyuka kwa joto, na sukari huyeyuka katika chai, ilhali ya pili haikuwa kimiminika peke yake, imetawanyika tu ndani ya maji. Lugha ya sokoni hutazama matokeo, nayo haina kosa. Mwalimu ndiye apaswaye kutenganisha, na asipofanya hivyo mwanafunzi huyafananisha mambo mawili kwa sababu ya neno moja.

Mvuke umetokana na kufuka, na kufuka ni kwa moshi pia. Hapa napo pana mtego: wingu jeupe juu ya sufuria ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa, kwani mvuke halisi hauonekani kwa macho. Ajabu zaidi ni karafuu-maiti, yaani kafuri iwekwayo katika sanda. Ikiachwa wazi hupungua siku kwa siku bila kulowesha kitambaa. Kuyeyuka hakufai kuieleza. Kufuka ndiko kunakokaribia, ingawa hakuna moshi.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania Bara mwaka 1967, majina ya hali za maada yalihitajiwa upesi. Gesi ilikuwa tayari, neno lililobuniwa na van Helmont katika karne ya 17 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya machafuko. Kimiminika kilichukuliwa katika kumimina, nacho chafaa sana. Kwa vitu vigumu wengine walipendelea mango, lile jiwe gumu la mviringo. Wengine yabisi, neno la Kiarabu lenye maana ya kavu, ambalo wazee hulijua katika ugonjwa wa baridi yabisi. Ndiyo maana mtoto wa Kariakoo huambiwa darasani kwamba barafu ni yabisi, naye ameiona sokoni, juu ya samaki, ikichuruzika maji.