Pango Lisiloonekana Kutoka Juu

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie ardhi. Ardhi ya kwenye gemu, yaani. Ukianza kujitengenezea gemu, mlima unatoka vizuri na bonde pia, lakini ukitaka pango unagonga mwamba. Kwa nini? Jibu lina historia yake, na inatugusa hata sisi wa Isiolo.

Kuna faili inaitwa N00E037. Ndani yake mna mji wa Isiolo, Meru, Archer's Post na mlima Ololokwe. Data zake zilikusanywa Februari 2000, pale chombo cha anga Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada. Mwanzoni sisi wa nje ya Marekani tulipewa vipimo vya kila mita 90. Mwaka 2014 vile vya mita 30 vilianza kutolewa bure, na Afrika ikawa ya kwanza kupata.

Sasa fungua faili hiyo. Utakuta gridi ya namba, 3601 kwa 3601, na kila namba ni kimo kutoka usawa wa bahari. Mahali pamoja, namba moja. Inakula kama megabaiti 26 tu, kwa hiyo kompyuta yoyote inaimudu. Lakini pango lina vimo vitatu mahali pamoja: sakafu, dari, na juu ya mlima. Utaandika namba ipi? Ndiyo maana pango la Kitum kule Mlima Elgon, ambalo tembo huingia usiku kutafuta chumvi, halionekani katika data za aina hii.

Watengenezaji wakubwa nao walibanwa hivyo hivyo. Comanche ya 1992 ilichora milima ya kuvutia kwa gridi ya vimo. Doom ya 1993 iliruhusu sakafu moja na dari moja kila mahali, hivyo chumba juu ya chumba hakikuwezekana. Quake ikalimaliza hilo mwaka 1996 kwa kujenga kila kitu kwa maumbo kamili.

Dawa ya ardhi yenyewe ilitoka hospitalini! Mwaka 1987 William Lorensen na Harvey Cline wa kampuni ya General Electric walichapisha Marching Cubes, mbinu ya kuchora viungo vya mwili kutokana na picha za skani. Badala ya kuuliza "kimo ni ngapi hapa?", inauliza "hapa ndani kuna kitu au hakuna?" Nafasi inagawanywa kuwa vijisanduku. Kila kimoja kina pembe 8, kwa hiyo hali zinazowezekana ni 256, na jedwali linakuambia uchore pembetatu zipi. Weka mwamba badala ya mfupa na hewa badala ya nyama, pango hilo hapo.

Tatizo likawa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Ilidumu hadi 2005, na wengi wakaikwepa kwa kugawa vijisanduku kuwa piramidi ndogo za pembe nne. Leo mbinu hiyo ni ya kila mtu.

Bei yake ni kumbukumbu. Gridi ya 1000 kwa 1000 ina namba milioni moja. Iongezee tabaka 256 na unapata milioni 256. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tumia gridi kwa tambarare yote, kisha palipo na pango ondoa pembetatu chache na uweke umbo lake hapo. Unity inaruhusu matundu hayo tangu toleo la 2019.3. Ukijiandikia mwenyewe, toboa pia sehemu inayokagua migongano, la sivyo mchezaji atatembea hewani juu ya shimo.

Kwetu maji ya kiangazi huchimbwa chini ya mchanga wa laga. Gemu ya mfugaji wa Isiolo isiyo na kisima itakuwa gemu ya nchi nyingine. Rada imetupa uso wa ardhi. Ya chini tuyachore wenyewe tunaoyajua.