Njia ya Hewa: Miaka 80 ya Kupambana na Joto la Kompyuta

Oktoba 2004, kwenye mkutano mkubwa wa teknolojia mjini Orlando, Florida, Craig Barrett alipiga magoti jukwaani. Alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Intel, kampuni iliyotawala soko la prosesa duniani, na alikuwa akiomba radhi, nusu kwa utani, kwa sababu Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyoahidiwa wateja isingetoka tena. Kampuni ilikuwa imeifuta siku chache tu kabla. Kwa miaka mingi Intel iliuza kasi: mwaka huu gigahezi hizi, mwaka ujao zaidi. Safari hiyo ilikwamishwa na joto.

Umeme unaoingia kwenye kompyuta karibu wote hugeuka joto, na joto hilo lisipotolewa nje ya kasha, chipu hupunguza kasi, hujizima au huungua. Namna ya kulitoa imewagawa wahandisi tangu mwanzo. Feni zenyewe hazijawahi kuwa tatizo kubwa, maana zinapatikana kwa bei rahisi. Kilicholeta mvutano ni mahali hewa inapoingilia, mahali inapotokea, na nani yuko tayari kuitengea nafasi.

Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilikuwa na valvu takriban 18,000 na ilikula kilowati 150. Feni kubwa zilisukuma hewa ndani ya makabati yake saa zote ilipokuwa ikifanya kazi. Miaka 30 baadaye, kompyuta kuu ya Cray-1 ilipozwa kwa Freon, gesi iliyotumika kwenye majokofu, na mwaka 1985 saketi za Cray-2 zikazamishwa kabisa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Mashine hizo zilikuwa na vyumba vyake, mafundi wake na bajeti za serikali. Kompyuta ya mezani ilitakiwa iwe ndogo, iwe nafuu, na ikae hatua moja kutoka masikioni mwa mtu.

Masikio ndiyo yaliyomshughulisha Steve Jobs wa Apple. Kompyuta ya Apple II ilipokuwa ikibuniwa, hakutaka feni ndani yake kwa sababu ya kelele. Mhandisi Rod Holt akamtengenezea pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ya aina ya swichi, iliyopoteza umeme kidogo kuliko zile za transfoma nzito zilizozoeleka. Mwaka 1977 mashine ikaingia sokoni kimya kabisa, ikapendwa. Shida ilianza wateja walipojaza kadi za ziada kwenye nafasi zake. Kampuni ya Kensington ikaona biashara hapo: ikauza System Saver, kijisanduku chenye feni kilichopachikwa ubavuni mwa Apple II ili kifanye kazi ambayo Jobs aliikataa.

Apple III, ya mwaka 1980, ilikataa feni kwa ukali zaidi. Fremu yake nzito ya aluminiamu ilikusudiwa kubeba joto lote. Chipu zilipopata moto na kupoa, zikapata moto na kupoa, zilianza kuchomoka taratibu kwenye soketi zake. Ushauri uliotolewa kwa wateja umebaki kichekesho katika historia ya kompyuta: inua mashine inchi chache juu ya meza, kisha iachie ianguke, ili chipu zijikite tena.

IBM haikuwa na aibu ya kelele. Kompyuta yake binafsi ya Agosti 1981 ilikuwa na pawasaplai ya wati 63.5 na feni moja ndani ya pawasaplai hiyo, ikivuta hewa kutoka ndani na kuitupa nyuma. Ilitosha. Prosesa yake, Intel 8088 ya megahezi 4.77, haikuhitaji hata kipande cha chuma juu yake. Kwa takriban miaka kumi feni hiyo moja ya pawasaplai ndiyo iliyobeba jukumu lote katika kompyuta nyingi za mezani, na makasha yalichongwa bila kufikiria hewa: matundu machache hapa, mpasuko mwembamba pale, nyaya bapa zikiwa zimetanda katikati kama mapazia.

Hali ilibadilika kwenye miaka ya 1990. Prosesa za 486 zenye kasi zikaanza kuvikwa hitisinki, yaani kipande cha chuma chenye mapezi kinachotandaza joto ili hewa ilichukue. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilitoa takriban wati 16, na feni ndogo ikapanda juu ya hitisinki. Ila feni hiyo ilichukua joto kwenye chipu na kulimwaga ndani ya kasha lile lile. Bila njia ya kutokea, prosesa ilikuwa ikipulizwa kwa hewa ambayo ilikuwa imekwisha kuipasha joto yenyewe.

Mwaka 1995 Intel ilitangaza ATX, mpangilio wa ubao mama, pawasaplai na kasha ambao mpaka leo ndio unaotumika zaidi kwenye kompyuta za mezani. Ndani yake kulikuwa na wazo lililoonekana la busara. Feni ya pawasaplai ingegeuzwa, ivute hewa kutoka nje na kuipuliza moja kwa moja kwenye prosesa, hivyo feni moja ifanye kazi mbili. Kosa lake liligunduliwa haraka: hewa hiyo ilipita kwanza kwenye pawasaplai ikapata joto, ndipo ikafika kwenye prosesa. Feni ikarudishwa kutupa hewa nje, na kasha likaongezewa feni nyingine, moja mbele ya kuingiza na moja nyuma ya kutoa.

Atakayefungua ubavu wa kasha leo anaweza kuusoma mpangilio huo kwenye feni zenyewe. Fremu nyingi za feni zina mishale miwili midogo iliyochongwa kwenye plastiki: mmoja unaonyesha pangaboi linazunguka upande gani, mwingine hewa inakwenda wapi. Hata mishale isipokuwepo, upande wenye vijiti vinavyoshikilia mota, ambako mara nyingi kuna stika, ndio hewa inakotokea. Fundi akifunga feni ya mbele na ya nyuma zikitazama vibaya, zote mbili zinatoa au zote mbili zinaingiza, hewa hutafuta njia kwenye mipenyo ya kasha. Zikizidi kutoa, huvuta vumbi kupitia kila tundu lisilo na chujio. Zikizidi kuingiza, vumbi jingi hubaki kwenye chujio la mbele, ambako kulisafisha ni kazi ya dakika moja.

Hatari ya joto iliwafikia watu wengi mwaka 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilipoonyesha video ya majaribio: hitisinki iling'olewa huku kompyuta ikiwa inacheza gemu. Pentium 4 ilipunguza kasi na kuendelea kuishi. Athlon ya AMD, mshindani wa Intel, iliungua, moshi ukapanda. Tangu hapo ulinzi wa joto ndani ya chipu ukawa jambo ambalo hakuna mtengenezaji angethubutu kuliacha.

Lakini ulinzi huo haupunguzi wati. Umeme unaotumiwa na chipu hupanda pamoja na kasi, na hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji, hivyo kila hatua ya kasi inayodai volteji zaidi hulipiwa mara mbili. Mwaka 2004 Intel ilitoa Pentium 4 ya kizazi cha Prescott, yenye transista ndogo mno kiasi kwamba umeme ulivuja hata zilipokuwa zimefungwa. Matoleo yake ya juu yalifikia wati 115, zaidi ya mara saba ya Pentium ya 1993.

Intel ilijaribu kuliokoa kasha. Kwanza ikawataka watengenezaji watoboe ubavu mkabala na prosesa na kuweka bomba la plastiki, ili prosesa ivute hewa mbichi kutoka nje. Kipimo kilikuwa kwamba katika chumba cha nyuzi 35, hewa inayoifikia prosesa isizidi nyuzi 38. Chumba cha nyuzi 35 kwa wahandisi wa Marekani ni hali ya kupindukia; kwa wakazi wa Garissa au Lodwar ni mchana wa kawaida.

Kisha likaja BTX, pendekezo la kupanga upya kila kitu. Prosesa ilisogezwa mbele ya kasha, nyuma ya feni moja kubwa, na vipande vingine vikapangwa kwenye mstari wa upepo wake, kama nyumba ya pwani iliyowekewa madirisha yanayotazamana. Dell na Gateway waliutumia mpangilio huo, na waliowahi kufungua Dell OptiPlex ya mtumba ya miaka hiyo watakumbuka kifuniko kikubwa cha plastiki kinachoifunika hitisinki na kuiunganisha na feni ya mbele.

Kwa kupitisha hewa, BTX iliishinda ATX. Sokoni ilishindwa. Ubao wa BTX haukuingia kwenye kasha la ATX, na watengenezaji hawakuwa na hamu ya kutupa vifaa vyao vya kiwandani kwa ajili ya prosesa za kampuni moja. Julai 2006 Intel yenyewe ikatoa prosesa ya Core 2 Duo, iliyofanya kazi zaidi kwa wati 65, na sababu ya kuhama ikayeyuka. Mwaka huo huo ikaachana na BTX.

Waliobaki na ATX wakaanza kuirekebisha kutoka ndani. Mwaka 2005 Antec, ikishirikiana na Mike Chin wa tovuti ya Silent PC Review, ilitoa kasha la P180 lenye pawasaplai chini, kwenye chumba chake, isivute tena joto la prosesa. Leo karibu kila kasha la kawaida limepangwa hivyo. Feni nazo zikanenepa, kutoka milimita 80 hadi 120 na 140, kwa kuwa pangaboi kubwa husukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache, na kelele hupungua. SilverStone, katika kasha la Raven RV02, iliugeuza ubao mama mzima nyuzi 90, feni tatu za milimita 180 zikalazwa kwenye sakafu ya kasha na kupuliza kwenda juu. Na mwaka 2009 Corsair H50, iliyotengenezwa na Asetek ya Denmark, ilileta kupoza kwa maji katika kifurushi kilichofungwa kiwandani, mnunuzi asihitaji kugusa tone.

Tamaa ya urembo nayo ilileta shida. Mac Pro ya Apple ya 2013 ilikuwa mtungi mweusi wenye feni moja juu, na vipande vyote vikiegemea kiini kimoja cha kutandaza joto. Kadi za michoro zilipozidi kuwa na nguvu, mtungi haukuweza kuzimudu, na mwaka 2017 Craig Federighi wa Apple alikiri kwamba usanifu huo ulikuwa umewafungia kwenye kona ya joto. Mac Pro ya 2019 ilikuwa mnara wenye feni tatu kubwa mbele na uso uliotobolewa wote. Upande wa wacheza gemu, kuanzia 2016 makasha yalivaa vioo pande zote kuonyesha taa za ndani, na feni za mbele zikanyimwa hewa. Wakaguzi walipoanza kupima nyuzi na kuzichapisha, wavu ukarudi: Meshify C ya Fractal Design mwaka 2017, na Torrent mwaka 2021, yenye feni mbili za milimita 180 usoni.

Wavu ulirudi kwa wakati. Kadi ya michoro ya RTX 5090 ya Nvidia, iliyotoka 2025, hutumia hadi wati 575. Kompyuta inayotoa wati 800 kwa jumla inahitaji takriban lita 66 za hewa kila sekunde ili hewa inayotoka iwe moto kwa nyuzi 10 tu kuliko iliyoingia. Na hakuna feni inayoweza kuishusha chipu chini ya joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 35, mapambano huanzia hapo.

Kadi za michoro zenye nguvu hivyo pia zimeibana ATX mahali pake dhaifu. Zinakaa chini ya prosesa, na sehemu ya joto lake hupanda moja kwa moja kuelekea hitisinki ya jirani. Baadhi ya makasha yameongeza feni za chini. ASUS na MSI wameanza kuuza ubao mama wenye soketi za nyaya upande wa nyuma, ili hata waya wa mwisho uondoke kwenye njia ya hewa. Kikwazo ni kile kile kilichoiangusha BTX: ubao huo unahitaji kasha lenye matundu yanayolingana nao, na kila kampuni imeyapanga yake kivyake.