Naibu Spika aliyekamatwa Bungeni

Oktoba 2025 ilitimia miaka 50 tangu polisi waingie katika majengo ya Bunge jijini Nairobi na kumkamata Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, pamoja na mbunge wa Butere, Martin Shikuku. Huku Kericho na Bomet, ambako madai ya ardhi aliyoyapigania Seroney yangali moto, watu humkumbuka Moi, humkumbuka Taaitta Toweett, na Seroney humwachia Nandi.

Hiyo ni dhuluma. Seroney alikuwa wakili wa kwanza Mkalenjin, aliyesomea sheria Allahabad, India. Aliingia siasa kupitia KADU, chama cha akina Moi na Toweett. KADU ikavunjwa 1964, Seneti ikafutwa 1966, na wenzake wakazoea maisha mapya ndani ya KANU, chama tawala.

Yeye hakuzoea. Julai 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills: ardhi waliyonyang'anywa Wanandi na Wazungu, mashamba ya chai yakiwemo, irudi kwa wenyewe, wala isigawiwe wageni. Azimio hilo lilikuwa na mwiba, maana miongoni mwa hao “wageni” walikuwamo Wakenya wenzao. Moi, aliyekuwa Makamu wa Rais, hakulitaka hata kulisikia. Seroney alishtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini.

Wabunge wenzake walimpa kiti cha Naibu Spika Februari 1975, kinyume cha matakwa ya Ikulu. Mwezi uliofuata mbunge J.M. Kariuki akauawa, na Bunge likachacha.

Kisha ikafika Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Shikuku alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Clement Lubembe, waziri msaidizi, akasimama kudai athibitishe maneno hayo. Macho yote yakamgeukia aliyekalia kiti. Seroney hakuwahi kuwa jaji, lakini uamuzi alioutoa hapo wengi wanaujua kuliko hukumu za majaji wengi: jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Siku sita baadaye alikuwa mikononi mwa polisi. Hakufikishwa mahakamani. Wakili aliyezoea kuwatetea wengine alikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu, hadi Moi, sasa akiwa Rais, alipowaachilia wafungwa wa kisiasa Desemba 1978. Mwaka uliofuata kiti chake cha zamani cha ubunge, Tinderet, kilichukuliwa na Henry Kosgey. Seroney alifariki Desemba 1982.

Madai yake hayakuzikwa naye. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipendekeza mashamba ya kampuni za chai Kericho na Bomet yapimwe upya. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mei 2023 vijana walichoma moto mashine za kuchuma chai, zilizowanyima kazi wachumaji. Tangu hapo mashamba makubwa yamepata mmiliki mwingine, Browns ya Sri Lanka, na suala la nani alipwe fidia, na nani ailipe, bado liko mezani.