Hitilafu Isiyotulia: Historia ya Uchunguzi wa Mfumo wa Kuchaji wa Magari

Mfumo wa kuchaji wa gari ni mkusanyiko wa vifaa vinavyogeuza sehemu ndogo ya nguvu ya injini kuwa umeme, ambao huendesha taa, cheche na vifaa vinginevyo gari linapokwenda, na papo hapo kuirudishia betri kile kilichotumika kuwasha injini. Mfumo huo unapokufa kabisa, kazi ya fundi huwa nyepesi, kwa sababu kifaa kibovu hubaki kibovu hadi kitakapopimwa; lakini unapochaji asubuhi na kuacha mchana, au taa ya chaji inapowaka kwenye barabara mbovu na kuzimika kwenye lami, fundi hukabiliwa na hitilafu ya vipindi, yaani ile inayokuja na kuondoka, ambayo mara nyingi huwa imekwisha kutoweka gari linapofikishwa gereji. Historia ya ufundi wa umeme wa magari, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ni kwa kiasi kikubwa historia ya jitihada za kuikamata hitilafu ya aina hiyo, na inaonyesha kwamba kila kizazi cha vifaa kilihamisha mahali inapojificha bila kuibadilisha sana kanuni ya kuitafuta.

Magari ya kwanza hayakuwa na mfumo wa kuchaji. Katika mengi yao cheche ya kuwasha petroli ilitoka kwenye magneto, kifaa chenye sumaku ya kudumu kisichohitaji betri. Taa za mbele zilitumia gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondoshea maji juu ya kabaidi. Na injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Betri ya risasi na asidi ilikuwapo tangu mwaka 1859, ilipobuniwa na Mfaransa Gaston Planté, lakini iliyotumika garini ilibidi ishushwe kila ilipoishiwa umeme ili ikachajiwe kwingine. Hali hiyo ilianza kubadilika pale Mmarekani Charles Kettering, wa kampuni ya Delco mjini Dayton, alipounda stata ya umeme ambayo Cadillac iliiweka katika magari yake ya mwaka 1912. Kwa kuwa stata hula umeme mwingi kwa muda mfupi, gari lenye stata lilihitaji pia chombo cha kuijaza betri upya, na ndiyo sababu Kettering aliunganisha kuwasha injini, kuchaji, cheche na taa katika mfumo mmoja. Kuanzia hapo, kazi ya umeme wa magari ikaanza kutengana na ile ya injini na kudai maarifa yake yenyewe.

Chombo kilichofanya kazi ya kuchaji katika kipindi hicho kiliitwa dainamo. Ndani yake mhimili wenye nyaya za shaba huzunguka katikati ya sumaku za umeme, na umeme unaozalishwa hukusanywa na vipande viwili vya kaboni vinavyosugua komuteta, yaani silinda ya shaba iliyogawanywa vipande vipande ili mkondo utoke ukielekea upande mmoja tu. Mkondo wote ulioelekea kwenye betri ulipita katika msuguano huo, kwa hiyo kaboni zililika, vumbi lake lilijaa katika nafasi za komuteta, na springi iliyolegea iliweza kuiacha kaboni ikigusa na kuachia kulingana na mtikisiko wa gari. Pamoja na dainamo palikuwa na katauti, swichi ya sumaku iliyofunga njia ya umeme pale tu volti za dainamo zilipozidi za betri, na kuifungua injini ilipopunguza mwendo. Bila swichi hiyo, betri ingeirudishia dainamo umeme na kuishiwa gari likiwa limesimama. Mahali pa kwanza pa hitilafu ya vipindi palikuwa hapo: vidole viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana mara nyingi kila siku, huku vikiungua kidogo kidogo kwa cheche zake vyenyewe.

Hadi kufikia miaka ya 1930 dainamo nyingi zilidhibitiwa kwa kaboni ya tatu, ambayo ilisogezwa kwa mkono ili kuongeza au kupunguza mkondo, bila kujali kama betri ilikuwa tupu au imejaa. Kiungo cha betri kilipolegea katika mfumo wa namna hiyo, volti zilipanda ghafla na kuunguza taa, na kwa hiyo dereva aliyeona balbu zake zikiungua mara kwa mara alikuwa ameoneshwa, bila kujua, terminali iliyolegea upande wa pili kabisa wa gari. Baadaye ilienea regulata ya volti, kisanduku chenye sumaku ndogo na vidole vilivyotetema mara nyingi kwa sekunde, vikikata na kurudisha mkondo mdogo uliolisha sumaku za dainamo. Ilipunguza madhara ya kuchaji kupita kiasi, lakini ilileta aina mpya ya fumbo, kwa kuwa marekebisho yaliyofanywa kisanduku kikiwa baridi yaliweza kupotoka kilipopata joto la injini.

Ni katika enzi ya regulata ndipo mafundi walipozoea kanuni ambayo ingali msingi wa uchunguzi, nayo ni kuugawa mfumo katika nusu mbili na kuipima kila nusu peke yake. Katika dainamo za Lucas, kampuni ya Birmingham iliyovipatia vifaa vya umeme viwanda vingi vya magari vya Uingereza, fundi aliziondoa nyaya mbili za dainamo, akaziunganisha terminali mbili za dainamo yenyewe kwa kipande cha waya, kisha akaiendesha injini taratibu huku mita ikisoma volti. Volti zikipanda sawasawa, dainamo ilikuwa nzima na lawama ilihamia kwenye regulata au nyaya. Zikikwama, kaboni na komuteta ndizo zilizochunguzwa. Kipimo hicho kilitosha kwa kifaa kilichokufa, lakini kwa hitilafu ya vipindi kilifaa tu kama kilifanywa wakati hitilafu ipo, na sharti hilo la wakati ndilo lililowatofautisha mafundi wazoefu na wanagenzi.

Dereva mwenyewe alikuwa shahidi muhimu. Magari mengi ya zamani yalikuwa na amita, mita ya mkondo yenye sifuri katikati, ambayo sindano yake iliegemea upande mmoja betri ilipochajiwa na upande wa pili ilipotumika. Sindano iliyotetema kwa fujo iliashiria kaboni zilizokwisha au vidole vilivyoungua. Taratibu amita ilipisha taa nyekundu, ambayo huzimika pale volti za pande zake mbili zinapolingana, na ambayo mwanga wake hafifu una maana yake: pande hizo zinakaribiana lakini hazijalingana, kwa hiyo mfumo unachaji chini ya uwezo wake. Fundi aliyemuuliza dereva kama taa iliwaka kwa ukali au ilififia, injini ilipokuwa baridi au moto, mvua ilipokuwa inanyesha au kwenye mashimo, alikuwa ameanza uchunguzi kabla ya kuinua boneti.

Afrika Mashariki iliipa hitilafu hiyo mazingira yake maalumu. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, na magari mengine ya Uingereza yaliingia Kenya, Uganda na Tanganyika yakiwa na dainamo, na mengi yao hadi miaka ya 1960 yalikuwa na bodi iliyounganishwa na ncha chanya ya betri, kinyume cha desturi ya leo. Barabara za udongo na changarawe zenye mawimbi zilitikisa nati za terminali, vumbi laini liliingia katika komuteta, na chumvi ya hewa ya pwani iliharakisha kutu penye kila kiungo cha shaba na chuma. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi hizo tatu, yaliyaweka mazingira hayo hadharani, na si bahati tu kwamba Joginder Singh, aliyeyashinda mwaka 1965, alikuwa pia fundi wa magari, kwani katika njia kama hizo dereva alihitaji kuyaelewa magonjwa ya gari kabla halijasimama.

Mageuzi makubwa yalikuja na altaneta. Katika chombo hiki sumaku ndiyo inayozunguka, na nyaya zinazotoa umeme zimetulia pembeni yake. Umeme unaotoka hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo hupitishwa kwenye daiodi, vipande vya silikoni vinavyoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, ambavyo kwa kawaida huwa sita au zaidi. Chrysler iliiweka altaneta katika gari la Valiant la mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata viwanda vingine vikaiga, kwa sababu altaneta huchaji hata injini inapounguruma polepole, na kaboni zake hubeba mkondo mdogo tu wa kulisha sumaku, hivyo hudumu muda mrefu zaidi. Daiodi pia zilifanya kazi ya katauti, kwani haziruhusu umeme wa betri kurudi nyuma.

Hata hivyo, daiodi zina udhaifu wake. Mojawapo ikifa, altaneta huendelea kutoa sehemu ya umeme wake, ikitosha mchana na kupungukiwa usiku taa na feni zinapowashwa. Ikivuja, huifyonza betri gari likiwa limeegeshwa, na mwenye gari hulalamika kwamba haichaji ilhali inachaji vizuri. Na iliyo dhaifu huweza kufanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikipata moto. Kaboni iliyofupika nayo huacha kugusa pete yake kwenye mtikisiko. Aidha, katika altaneta nyingi taa ya chaji ndiyo inayopeleka mkondo wa kwanza kwenye sumaku, hivyo balbu iliyokatika huweza kuifanya altaneta isianze kuchaji hadi injini ikanyagiwe mafuta.

Kipindi cha kuhama kutoka dainamo kwenda altaneta ndicho kilichoacha urithi mbaya zaidi katika karakana. Mafundi wa dainamo walikuwa na mazoea ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiunguruma, na kama injini haikuzimika, walihukumu kwamba mfumo unachaji. Katika gari lenye altaneta kitendo hicho huondoa betri, ambayo ndiyo inayomeza mshtuko wa volti, na volti hupanda kwa muda mfupi kiasi cha kuweza kuua daiodi, regulata na baadaye kompyuta ya gari. Mazoea hayo yameendelea katika gereji nyingi miongo kadhaa baada ya dainamo kutoweka, na mara nyingine ndiyo yanayozaa ugonjwa uliokuwa ukitafutwa.

Silaha bora dhidi ya hitilafu ya vipindi ilitokana na kanuni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alieleza kwamba volti zinazopotea katika waya ni sawa na mkondo ukizidishwa na ukinzani, yaani kiasi cha waya kuuzuia mkondo huo. Mita ya Avo, iliyobuniwa na Donald Macadie na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1923, ilikusanya vipimo vya volti, mkondo na ukinzani katika chombo kimoja, na ikawapa mafundi uwezo wa kuitumia kanuni hiyo kwenye gari. Kiungo chenye kutu na ukinzani wa omu 0.05 tu, ambao mita ya kawaida haiutofautishi kwa urahisi na sifuri, hupoteza volti 0.25 mkondo unapokuwa amperi 5, na hakuna atakayegundua. Lakini mkondo ukifika amperi 40, hupoteza volti 2, na altaneta inayotoa volti 14.4 huifikishia betri volti 12.4, ambazo haziwezi kuichaji. Wakati huohuo kiungo hicho hutoa joto la wati 80, zaidi ya balbu ya kawaida ya taa ya mbele. Chuma hutanuka, mgusano huzidi kuharibika, kisha gari likipoa hali hurejea, na fundi anayepima kesho yake haoni kitu.

Kwa hiyo waya haupimwi ukiwa umelala, hupimwa ukiwa umebeba mzigo. Fundi huwasha injini, taa kubwa na feni, kisha huweka ncha moja ya mita kwenye terminali kubwa ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Pakisomeka zaidi ya volti 0.3 hivi, njia hiyo ina kasoro. Baadaye huweka ncha moja kwenye ganda la altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri, kwa sababu umeme hurudi kupitia injini na waya wa ethi, njia ambayo husahauliwa kuliko zote. Hapo ndipo hutikisa nyaya, soketi na fyuzi moja baada ya nyingine akiitazama mita, akikagua pia mkanda unaoizungusha altaneta, ambao ukilegea huteleza mzigo unapoongezeka.

Kulegezwa kwa biashara nchini Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na kumiminika kwa magari yaliyotumika kutoka Japani katika eneo zima, kuliibadilisha tena kazi hii. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala walikutana na altaneta zenye regulata ya kielektroniki ndani yake, ambazo soketi zake hubeba nyaya nyembamba za swichi, za taa ya chaji na za kupima volti za betri. Ndimi za plastiki za soketi hizo hukakamaa na kuvunjika kwa joto na umri, kisha soketi hucheza mahali pake. Altaneta nzima hubadilishwa, hitilafu hupona kwa wiki moja kwa kuwa soketi imesukumwa upya, halafu hurudi.

Kompyuta za magari, ambazo Marekani ilizilazimisha kuwa na mfumo sanifu wa kutoa taarifa za hitilafu kuanzia mwaka 1996, zimeongeza shahidi mwingine. Msimbo P0562 humwambia fundi kwamba volti za mfumo zilishuka, lakini haumwambii zilipotelea wapi. Zaidi ya hayo, katika magari mengi mapya kompyuta yenyewe hushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo volti 12.8 zinazosomwa kwa dakika chache huweza kuwa afya badala ya ugonjwa, na fundi asiyeijua tabia hiyo hulitibu gari lisilo na ugonjwa.

Katika safari hii ya zaidi ya miaka 100, katauti, kaboni ya tatu na vidole vya regulata vimetoweka, lakini viungo, yaani mahali shaba inapokutana na shaba au chuma, vimebaki na vimeongezeka. Kubadilisha betri au altaneta kabla ya kupima upotevu wa volti chini ya mzigo ni kubahatisha kwa fedha ya mteja, na vyuo vya ufundi pamoja na mafundi wanaolea wanagenzi wanapaswa kukifanya kipimo hicho kuwa somo la kwanza la mfumo wa kuchaji.